Ifanye isome kwanza: mwongozo wa kutumia akili mnemba kutafuta ruzuku za shirika dogo

Januari 20, 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na ilipofika Julai 1 mwaka huohuo shirika lake la misaada, USAID, likafungwa rasmi. Mashirika mengi madogo ya Tanzania na Kenya hayakuwa na mkataba na USAID. Fedha zilikuwa zikiwafikia kupitia mashirika makubwa, na wakubwa walipokatiwa, wadogo wakakatiwa pia, wengine bila hata barua. Wote hao sasa wanabisha hodi kwenye milango michache iliyobaki: balozi, mifuko ya wanawake, wakfu za Marekani na Ulaya.

Na kila anayebisha ana akili mnemba kwenye simu. ChatGPT, Gemini, Claude na Copilot zote zinaelewa Kiswahili, na zote zitakuandikia andiko la mradi la kurasa kumi kabla chai haijapoa. Ndiyo maana meza za wafadhili zimejaa maandiko ya sauti moja. Ninachopendekeza hapa ni kuitumia kwa kazi nyingine kabla ya kuandika: kusoma. Maombi mengi ya mashirika madogo hukwama kwa sababu yalipelekwa kwa mfadhili asiyefadhili kazi hiyo, au yalipelekwa na shirika lisilokidhi vigezo vyake. Hilo hugunduliwa kwa kusoma nyaraka ndefu za Kiingereza ambazo shirika la watumishi watatu halina muda nazo. Kwenye kusoma, chombo hiki kina nguvu kweli.

Nitatumia mfano mmoja wa kubuni hadi mwisho: shirika dogo la pwani ya Mkinga, mkoani Tanga, linalofanya kazi na akina mama wakulima wa mwani. Lina watumishi watatu, kompyuta moja, na hesabu zilizokaguliwa za mwaka mmoja tu.

Hatua ya 1: Andaa kabrasha la shirika

Akili mnemba haijui lolote kuhusu shirika lenu. Usipoipa taarifa itajaza pengo yenyewe, na itajaza kwa maneno matamu. Kwa hiyo kabla ya kugusa tangazo lolote la ruzuku, weka kwenye folda moja cheti cha usajili, katiba, orodha ya wajumbe wa bodi, taarifa za mwaka, hesabu zilizokaguliwa, maandiko ya zamani (yaliyokubaliwa na yaliyokataliwa) pamoja na barua za wafadhili. Zilizo kwenye karatasi zipige picha vizuri ziwe PDF.

Kisha unahitaji wasifu wa shirika wa ukurasa mmoja, uliojaa mambo ya kweli. Njia nzuri ya kuupata ni kuiambia akili mnemba ikuhoji. Nakili agizo hili:

"Wewe ni afisa wa mfuko unaotoa ruzuku ndogo. Nihoji kuhusu shirika langu, swali moja baada ya jingine, hadi upate taarifa za kutosha kwa wasifu wa ukurasa mmoja. Nikijibu kwa ujumla, nidai idadi, mahali na mwaka. Usiongeze jambo lolote ambalo sijalisema."

Mahojiano haya yanafaa kufanywa na mtu wa kijijini akiwa kando yako. Mratibu wa shirika letu la Mkinga ataanza na jibu alilozoea: tunawawezesha wanawake kiuchumi. Litakuja swali: wangapi, na wanauza nini? Atasema mwani. Wa aina gani? Hapo katibu wa kikundi atadakia kwamba zamani walipanda kotonii kwa sababu bei yake ni nzuri, lakini maji yakipata joto inapauka na kukatika kwenye kamba, kwa hiyo wamerudi kwenye spinosamu ambayo inastahimili ila bei yake ni ndogo. Kwa nini wasihamie kwenye maji ya kina, yenye ubaridi? Hawana mashua, na wengi wao hawajui kuogelea. Katika majibu hayo mawili ya mwisho umeshapata mradi wenyewe, ambao haukuwemo kabisa kwenye sentensi ya kuwawezesha wanawake kiuchumi.

Tahadhari moja kabla ya kuendelea, na naisisitiza. Usipakie majina, namba za simu, picha za watoto, hali ya afya ya mtu wala simulizi za waathirika wa ukatili. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na Kenya ina yake ya mwaka 2019. Zote zinakuwajibisha wewe uliyekusanya taarifa, na watu wale walikupa taarifa zao kwa imani. Andika "mnufaika wa 14" badala ya jina, na safu ya namba za simu uifute kabla ya kupakia jedwali. Kisha ingia kwenye mipangilio ya programu na uzime ruhusa ya mazungumzo yako kutumika kuifundisha.

Hatua ya 2: Tafuta wafadhili kwa nyayo walizoacha

Hapa ndipo watu wengi huharibikiwa. Huandika "nipe orodha ya wafadhili wa miradi ya wanawake Tanzania" na hupata orodha safi ya majina ishirini. Baadhi ni ya kweli. Mengine yalifunga dirisha la maombi zamani, mengine hayafadhili Afrika kabisa, na moja au mawili hayapo duniani. Programu hizi hutunga jina la mfuko, tarehe ya mwisho na hata kiungo, kwa sauti ileile ya kujiamini. Ukiwasha utafutaji wa mtandaoni hali inakuwa afadhali, lakini bado kila jina lifungulie tovuti ya mfadhili mwenyewe kabla ya kuliandika kwenye daftari.

Anza na walio karibu. Kwa Tanzania kuna Foundation for Civil Society na Women Fund Tanzania Trust. Kwa Kenya kuna Kenya Community Development Foundation. Kwa Afrika nzima kuna African Women's Development Fund yenye makao Accra. Programu ya Ruzuku Ndogo ya GEF (Mfuko wa Mazingira Duniani), inayosimamiwa na UNDP, shirika la maendeleo la Umoja wa Mataifa, tangu 1992, hufadhili vikundi na mashirika ya jamii kwenye mazingira, na mwani unaoathiriwa na joto la bahari unaingia humo moja kwa moja. Balozi nazo zina mifuko yao. Ruzuku za Japani za ngazi ya jamii hupenda vitu vinavyoonekana, kama madarasa, visima na vifaa, na hazilipi mishahara. Mfuko wa Kanada wa CFLI hupendelea mashirika ya wenyeji na miradi ya muda mfupi. Tofauti kama hizi ndizo zinazoamua upeleke nini wapi: kwa Mjapani unaombea mashua, mafunzo ya kuogelea unayatafutia kwingine.

Sasa njia ambayo mashirika madogo machache yanaitumia, ingawa ni bure. Wakfu binafsi za Marekani hutakiwa kisheria kutoa kila mwaka takriban asilimia 5 ya thamani ya mali zao za uwekezaji, na kujaza Fomu 990-PF ambayo kila mtu anaweza kuisoma. Ndani yake kuna orodha ya kila ruzuku iliyolipwa mwaka ule: aliyepewa, nchi yake, kiasi, na kazi yenyewe. Tovuti ya Nonprofit Explorer ya ProPublica inazo fomu hizo na haidai malipo. Ina pia sehemu ya kutafuta neno ndani ya fomu zenyewe, kwa hiyo unaweza kuandika Tanzania pamoja na jina la Kiingereza la mwani, la uvuvi au la mikoko, ukaona ni nani amewahi kulipa kazi inayofanana na yenu.

Baadhi ya fomu hizi zina mamia ya kurasa. Pakua PDF na uipakie kwenye NotebookLM ya Google au programu nyingine inayopokea nyaraka, kisha uagize:

"Toa jedwali la ruzuku zote zilizokwenda Afrika Mashariki: aliyepewa, nchi, kiasi, kazi, na namba ya ukurasa ulikoona. Usichokiona kwenye waraka usikiandike."

Namba ya ukurasa ni ya lazima, kwa sababu bila hiyo huwezi kuhakiki. Fungua kurasa tatu au nne ulinganishe kwa macho yako. Halafu angalia kisanduku kimoja katika fomu hiyo, kile ambacho wakfu hutia alama kama hutoa kwa mashirika yaliyochaguliwa na wakfu wenyewe tu na haupokei maombi yasiyoalikwa. Kikiwa na alama, usitume andiko, maana halitasomwa. Chukua majina ya mashirika ya Tanzania yaliyofadhiliwa, uwatafute, uwaombe wakutambulishe. Barua fupi ya utambulisho kutoka kwa mwenzako aliyeaminiwa hufungua mlango ambao andiko zuri lisingeufungua.

Fanya vivyo hivyo na taarifa za mwaka za mashirika yanayofanana na lenu. Kurasa za mwisho huwashukuru wafadhili kwa majina. Pakia taarifa tano, omba orodha ya wafadhili wanaojirudia, na hao ndio wa kuanza nao.

Utakutana pia na matapeli, na wao siku hizi wanaandika Kiingereza safi kwa msaada wa akili mnemba hiyohiyo. Anayekuambia umeshinda ruzuku usiyoiomba, au anayetaka "ada ya kushughulikia fedha", achana naye.

Hatua ya 3: Chuja kabla ya kuandika hata sentensi moja

Umepata tangazo la ruzuku. Pakia tangazo lote, mwongozo wa waombaji na wasifu wenu wa ukurasa mmoja. Agizo:

"Orodhesha kila sharti la mwombaji lililo kwenye tangazo. Kwa kila sharti nakili sentensi yenyewe kama ilivyo, na ukurasa. Kisha linganisha na wasifu wetu, uandike mojawapo: tunakidhi, hatukidhi, haijulikani. Usinifariji."

Neno la mwisho lina maana. Programu hizi hupenda kumfurahisha mtumiaji, na usipoikataza itakuambia kwamba mnafaa sana. Soma kwanza zile zilizoandikwa "haijulikani", kwa kuwa humo ndimo maombi hufia. Tuseme tangazo linataka hesabu zilizokaguliwa za miaka mitatu na shirika letu la Mkinga lina za mwaka mmoja. Hapo hakuna cha kujadili, acha dirisha hilo, au tafuta shirika lenye hesabu mwombe pamoja naye akiwa mwombaji mkuu. Tangazo likisema ruzuku isizidi robo ya bajeti yenu ya mwaka uliopita, chukua kikokotoo kabla ya kuota. Sharti lisiloeleweka uliza kwa barua pepe ya sentensi mbili. Wafadhili wengi hujibu, na jina lenu linabaki kichwani mwao.

Kanuni ninayoishikilia: sharti moja la lazima likiwa "hatukidhi", hatuandiki. Wiki mbili zilizookolewa hapo zinakwenda kwa mfadhili anayetufaa.

Hatua ya 4: Andika kwa Kiswahili, ndipo upeleke Kiingereza

Andiko lianze kwa lugha mnayoifikiria. Kaeni watu watatu au wanne, mmoja aongee kuhusu tatizo, mwingine arekodi kwa simu au aandike. Msijali ufasaha. Akili mnemba itapanga mazungumzo hayo kufuata maswali ya fomu, itafupisha hadi idadi ya herufi inayotakiwa, na itatafsiri. Kazi hizo inaziweza vizuri. Kazi ya kujua kilichotokea kwenye shamba la mwani ni yenu.

Tazama tofauti. Hii ndiyo aya utakayopewa ukiomba andiko bila kutoa taarifa:

"Mradi huu wa kibunifu utaleta mageuzi endelevu kwa jamii za pwani zilizo pembezoni kwa kuwawezesha wanawake kuwa mawakala wa mabadiliko."

Na hii imetoka kinywani mwa katibu wa kikundi:

"Miezi ya joto mwani wetu hupauka na kukatika kwenye kamba. Msimu uliopita akina mama 64 kati ya 90 walikosa hata mbegu ya kupanda tena. Tunaomba mashua moja, kamba, na mafunzo ya kuogelea, ili kikundi kihamie kwenye maji ya kina."

Ya pili ina watu, ina tatizo linaloonekana, na inasema inachotaka. Afisa aliyesoma maandiko arobaini tangu asubuhi atasimama hapo.

Tafsiri ikirudi, chukua kalamu upigie mstari kila namba, kila jina la mahali na kila mwaka, kisha ulinganishe na Kiswahili chenu. Makosa ya tafsiri hizi huwa madogo na ya hatari: "64 kati ya 90" inageuka "zaidi ya wanawake 90", "walikosa mbegu" inageuka "walipoteza riziki yao yote". Mkisaini andiko lenye maneno hayo mmeahidi jambo lisilo la kweli, na mkaguzi atalikuta. Njia rahisi ya kukamata haya ni kufungua mazungumzo mapya, kubandika Kiingereza pekee, na kuomba kirudishwe kwa Kiswahili. Msomee katibu wa kikundi. Akisema "hatukusema hivyo", rekebisha.

Angalia pia kama mfadhili ana masharti kuhusu akili mnemba. Mwaka 2025 taasisi ya utafiti wa afya ya Marekani, NIH, ilitangaza kwamba haitapokea maombi yaliyoandikwa kwa sehemu kubwa na akili mnemba. Akiuliza kama mmetumia, jibuni ukweli na mseme kwa kazi gani: kutafsiri, kufupisha, kupanga.

Na kabla ya kutafsiri, hakikisha kuna haja. Programu ya Ruzuku Ndogo ya GEF ilijengwa kwa vikundi vya jamii, na imewahi kupokea katika baadhi ya nchi maandiko ya lugha za wenyeji na hata ya video. Uliza ofisi ya nchi yako.

Hatua ya 5: Bajeti

Hapa nitakuwa mfupi, kwa sababu ushauri wenyewe ni mfupi: usiiachie hesabu. Tengeneza bajeti kwenye lahajedwali, jumla zipigwe na fomula, na bei zitoke kwenye ankara kifani za wauzaji wa Tanga mjini. Akili mnemba haijui mashua inauzwaje Tanga wiki hii. Itumie kukagua ulinganifu: pakia andiko na bajeti, uulize ni shughuli gani haina fedha na ni fedha gani haina shughuli. Mara nyingi utakuta mafunzo yametajwa lakini nauli ya mkufunzi haimo, au kuna mafuta ya boti mahali ambapo boti haijatajwa. Usisahau kodi ya ofisi, umeme na mshahara wa mhasibu, kwa kadiri mfadhili anavyoruhusu. Shirika linaloficha gharama zake za uendeshaji ili lionekane rahisi huishia kuendesha mradi kwa mikopo ya watumishi.

Hatua ya 6: Igeuze kuwa mtoa alama

Matangazo mengi huonyesha vigezo vya alama: umuhimu wa tatizo 20, uwezo wa shirika 25, na kadhalika. Zima kumbukumbu ya mazungumzo ya nyuma na ufungue mazungumzo mapya ili isikumbuke kwamba ilikusaidia, pakia vigezo na andiko, uagize: "Toa alama kwa ukali kwa kila kigezo. Kwa kila alama uliyokata nionyeshe sentensi iliyosababisha, au uniambie ni taarifa gani haipo. Usiandike upya." Mkiambiwa kwamba haielezwi mashua itatunzwa na nani mradi ukiisha, rudini kwa kikundi mkaulize. Jibu lisitungwe ofisini.

Alama zenyewe msizitilie maanani sana, kilicho na thamani ni maswali. Baada ya hapo mpe binadamu mmoja asiyejua mradi alisome, na umwombe akueleze kwa maneno yake mnaomba nini. Akishindwa, bado.

Tuma siku mbili kabla ya mwisho. Umeme, bando na mifumo ya maombi mtandaoni hukorofisha pamoja jioni ya mwisho.

Hatua ya 7: Baada ya kutuma

Weka jedwali moja la pamoja lenye jina la mfadhili, tarehe ya dirisha, tuliomba nini, kiasi, jibu, sababu, na dirisha lijalo. Mkikataliwa ombeni maoni kwa upole. Pakia barua ya kukataliwa pamoja na andiko, uombe orodha ya mambo ya kurekebisha kabla ya dirisha lijalo, na orodha hiyo iwe agenda ya kikao cha wiki hiyohiyo wakati kumbukumbu bado ni mbichi.

Mkikubaliwa, pakieni mkataba na muombe kila tarehe ya taarifa, kila kiambatisho na kila sharti la manunuzi, pamoja na namba ya kifungu, kisha mziingize kwenye kalenda za simu za watumishi wote watatu. Mkataba wenyewe msomeni kwa macho kabla ya kusaini, mkiwa na mjumbe wa bodi. Kwa mashirika yaliyosajiliwa Tanzania Bara, kanuni za mwaka 2018 zinataka mkataba wa fedha zinazozidi shilingi milioni 20 upelekwe kwa Msajili wa Mashirika Yasiyo ya Kiserikali na Hazina ndani ya siku 10 tangu kusainiwa. Kwa Kenya, Sheria ya Mashirika ya Manufaa ya Umma ya mwaka 2013 ilianza kutumika Mei 14, 2024, na mamlaka yake mpya ndiyo ya kuiuliza kuhusu usajili na taarifa. Tarehe hizi hazimo kwenye mkataba wa mfadhili, kwa hiyo akili mnemba haitazitoa. Ziandikeni wenyewe kwenye kalenda ileile, siku ileile ya kusaini.